Sakafu ya Jambazi

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mumeo na watoto, na zikukute mzima na mkali kama kawaida yako. Goti linaendeleaje? Mimi sijambo, Mungu ni mwema. Cherehani inanguruma, wateja wanalalamika, basi ujue maisha yanakwenda.

Nimeona haya niliyonayo simu haiyatoshi. Kwenye simu ungenikatiza, nakujua, mdomo wako hauna breki. Kwa hiyo kaa chini, usome taratibu.

Kwanza, Jambazi yu hai. Haya, pumua! Ulipoondoka hapa baada ya msiba ukaniachia samaki wa kaka yako, Jambazi na mkewe, nilikuwa na hofu moja tu: hao ndio viumbe pekee alioniachia mume wangu, je, wakinifia mikononi? Nao walikuwa wanakwenda. Changarawe ya zamani ilishaoza kwa mabaki ya chakula, maji yananuka, na Jambazi, ambaye zamani angekula hata kidole changu, akitupiwa samaki mdogo anamtazama tu.

Ukaniambia kwa simu nibadilishe sakafu yote ya tangi, na kwa kuwa kaka yako alitamani mimea humo mpaka anaingia kaburini, nipande kabisa. Mchanga mtupu, ulisema, unashibisha macho lakini mizizi inalala njaa. Changarawe yenye ncha itamchana mdomo, maana samaki huyu huchota chini kwa mdomo. Basi niweke udongo wenye rutuba, juu yake changarawe ya mviringo. Ukasisitiza kila kitu kioshwe vizuri kabla ya kuingia majini.

Wifi, mimi nikaosha. Niliuosha ule udongo kama mchele, namwaga maji machafu, natia mengine, namwaga tena, huku najisifu kwa usafi. Maji yalipotakata, kwenye beseni zilibaki kokoto chache na kipande cha mzizi. Rutuba yote nilikuwa nimeimwaga uani. Nilipokupigia kukuuliza udongo wangu umekwenda wapi, ulicheka mpaka simu ikakuponyoka, na mimi nikacheka peke yangu jikoni. Tangu tumzike sikuwa nimesikia sauti yangu ikicheka.

Udongo wa pili sikuugusa na maji. Niliutandaza, nikaufunika kwa changarawe, nikapanda, nikarudi kwenye gauni la bibi harusi mmoja msumbufu. Kuja kuangalia, loo! Jambazi amefukua hadi kwenye kioo. Mimea inaelea, maji tope tupu, samaki wenyewe siwaoni. Nikakupigia nalia, wifi. Nikasema huyu namuua kwa mikono yangu. Wewe wala hukunibembeleza. Ulinifokea kwamba machozi hayachuji maji, nichukue ndoo.

Nikachukua. Ndipo uliponiambia nisishindane na mchimbaji, nimpe pake pa kuchimba. Udongo nikauweka kwenye vyungu vya maua tu, mimea ndani yake, na juu nikapanga mawe makubwa kuliko mdomo wake. Kwingine kote nikamwaga mchanga laini. Jambazi akajaribu mawe, akashindwa, akanuna, akahamia mchangani. Sasa anachimba na kufukia kutwa kama analipwa, na majani yamefika juu ya maji. Uroho wake umerudi wote. Asubuhi nikiwasha taa, yeye na mkewe wanakuja kwenye kioo kunidai chakula, nami naamka kwa ajili yao.

Sasa nisikilize. Mumeo alipita hapa juzi. Nikampikia, akashiba, na unajua akishiba hana siri. Akalitazama tangi, akasema laiti na lile la kwenu lingependeza hivi. Nikamuuliza lipi. Akaniambia ulilinunua wiki ile ile ya msiba, ukamwaga na mchanga ndani, kisha ukaja kwangu na ndoo kuwachukua samaki wa kaka yako. Na kwamba mpaka leo limekaa sebuleni bila tone la maji, watoto wanatupia humo soksi.

Wifi, mimi uliniambia huna pa kuwaweka.

Nikakumbuka ulivyonikuta siku ile, nimegeukia ukuta, sijaoga, sisemi. Ulikaa nami kitandani, halafu ukaenda zako na ndoo tupu. Ulimpenda kaka yako kabla mimi sijamjua. Ulitaka kitu chake kimoja tu, ukaniachia mimi, kwa sababu uliona ningebaki bila sababu ya kuamka. Uliona sawasawa. Nilikuwa nimechoka kuishi, wifi, na sikumwambia mtu. Leo nakwambia wewe, kwa kuwa yamepita, na yamepita kwa uongo wako. Asante. Neno lenyewe dogo, lakini sina lingine.

Na habari ya mwisho: mke wa Jambazi ametaga juu ya jiwe bapa, na watoto wao wameanza kuogelea. Wazazi wanawalinda kwa meno, sithubutu kutia mkono. Wadogo hao wakipata nguvu kidogo nitawaleta kwenu mwenyewe.

Wasalimie wote hapo nyumbani, goti ulikande, na uwaambie wanao watoe hizo soksi.

Ni mimi akupendaye,
mke wa kaka yako