Taa ya Kila Jumatatu

Kilakala, Morogoro
7 Februari 1999

Mpendwa mume wangu Baba Brenda,

Habari za masomo na habari za baridi ya Japani? Sisi huku hatujambo. Kifua cha Brenda kimetulia tangu Krismasi, anakula, anagombana na watoto wa jirani, na anasema shikamoo baba, umletee theluji. Nimemwambia itayeyuka njiani. Hakukubali.

Sasa nisikuzungushe. Gari ulilotuletea linanitia wazimu. Jumatatu nilipokuwa naelekea kufundisha shuleni Mkuyuni, ile taa ndogo ya njano yenye picha ya injini iliwaka kwenye dashibodi. Nikasimama kando ya barabara, nikafungua boneti, nikaitazama injini nayo ikanitazama. Maji yapo, oili ipo, moshi hakuna. Ila mshale wa spidi unachezacheza. Nilikwenda na kurudi taa ikinikodolea macho njia nzima.

Ijumaa nilimpelekea mdogo wako Severini gari, kama ulivyoagiza kila wiki, alioshe na kulikagua mpaka Jumapili. Akatikisa kichwa. "Shemeji, taa hii ikiwaka ujue injini inakaribia kufa. Bora gari lilale kwangu mpaka kaka arudi."

Baba Brenda, likilala kwake mimi nitarudi kupanga chumba Mkuyuni na kumwachia Mama Jesca wa jirani mtoto mwenye pumu, Jumatatu hadi Ijumaa. Unakumbuka mwaka jana alivyobanwa kifua mimi nikiwa hukohuko sina habari. Sirudii tena. Niambie taa hii inazimwaje.

Kilomita ulizoagiza nimeziandika nyuma ya bahasha. Zote ni za shule na sokoni.

Mkeo,
Mama Brenda

*

Tottori, Japani
28 Februari 1999

Mpendwa mke wangu,

Salamu kwako na kwa binti yangu, marahaba yake nimeituma na upepo. Mimi mzima, ila wali wa huku hauna nazi na maprofesa hawana huruma.

Usihangaike. Hakuna gari linalokufa kwa sababu ya taa. Nahisi ni petroli. Siku hizi za soko huria kila mwenye kiwanja kando ya barabara amesimika pampu, na wengine wanachanganya mafuta ya taa. Au unapanda mlima na gia ya pili mpaka injini inalia. Nakujua.

Fanya hivi. Chini ya boneti kuna kisanduku cheusi chenye kifuniko. Ndani utaona matundu madogo yenye herufi. Chukua kibanio cha karatasi, kinyooshe, unganisha tundu la TE1 na la E1. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa itaanza kukonyeza. Hesabu inavyokonyeza uniandikie, mimi nina kitabu cha maana zake. Kisha zima, toa kibanio, vuta fyuzi iliyoandikwa EFI, ngoja kidogo, irudishe. Taa itakuwa imefutika.

Fundi wa mtaani asiliguse, atanibadilishia vifaa. Severini mvumilie. Tangu apunguzwe kazi kiwanda kilipouzwa, gari hilo la wikiendi ndilo linalomfanya ajione mtu.

Usisahau kilomita.

Mumeo,
Baba Brenda

*

Kilakala, Morogoro
28 Machi 1999

Mpendwa Baba Brenda,

Natumaini u mzima na maprofesa wamepoa. Sisi tunaendelea, ila mvua zimeanza na Brenda ameanza kukohoa kidogo. Dawa ipo.

Nimefanya kama ulivyosema. Mwalimu mzima nimeinama ndani ya boneti na kibanio cha karatasi, majirani wamejaa uani kama kwenye harusi. Brenda alikaa mbele akihesabu kwa sauti. Taa ikakonyeza mara nne, ikapumzika, ikakonyeza mara mbili. Ikarudia vilevile mpaka majirani nao wakawa wanaitikia. Nne, mbili. Nikavuta fyuzi, nikarudisha, taa kimya! Nilifurahi nikaimba.

Jumatatu iliyofuata ikawaka tena. Nikafuta. Wiki nzima kimya, Jumatatu ikawaka. Nikahama sheli, nikahama tena. Nikapanda mlima na gia unazozitaka wewe. Jumatatu, hiyo hapo! Nimechoka, Baba Brenda. Naamka Jumatatu na hasira kabla hata sijaliona gari.

Na kitu kingine. Likitoka kwa shemeji linanuka fenesi. Nimemuuliza, akasema ni sabuni mpya. Sabuni ya fenesi! Nilicheka, ila sikucheka sana.

Hiyo nne na mbili ni nini? Kilomita ziko nyuma ya bahasha.

Mkeo,
Mama Brenda

*

Tottori, Japani
11 Aprili 1999

Mpendwa mke wangu,

Salamu. Niko salama, nina mitihani, kwa hiyo naandika kwa kifupi.

Nimeangalia kitabu. Nne na mbili ni kifaa cha kupima baridi ya hewa. Magari ya huku yakifika nchi za joto huwa kinasumbua. Si hatari. Usirudie kuhesabu na usishikeshike vitu humo ndani. Kila Jumatatu vuta fyuzi, irudishe, endelea na safari yako. Ukiona kero, basi gari lilale kwa Severini kama alivyoshauri.

Kuhusu harufu, usimsumbue mdogo wangu kwa maswali. Kilomita nimeziona. Hongera, hujatoka nje ya njia.

Mumeo,
Baba Brenda

*

Kilakala, Morogoro
16 Mei 1999

Baba Brenda,

Salamu. Brenda ni mzima sasa. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Jumamosi ya mwanzo wa mwezi mvua ilinyesha tangu alfajiri, na kifua cha mtoto kikabana. Dawa ya kuvuta haikusaidia. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Nikambeba mgongoni, nikakimbia kwenye matope mpaka kwa shemeji kuchukua gari. Halikuwepo. Mkewe, Ester, ndiye aliyenifungulia.

"Gari liko wapi?"

"Sevi yuko kijijini Kinole nalo, dada Theresia. Si kila Jumamosi anafuata mafenesi na mananasi, na abiria wawili watatu?"

"Kila Jumamosi? Mbona kilomita hazisogei?"

Akanitazama kwa mshangao, maskini, hana kosa. "Si anafungua ile kebo ya spidi, kilomita zisihesabike? Mumeo mwenyewe, shemeji Stefano, ndiye aliyemwandikia afanye hivyo, ili msije mkagombana. Nilidhani mmeshayamaliza."

Sikuwa na muda wa kulia. Jirani yao Mwinjuma alikuwa anawasha lori lake la mchanga, akatupakia mbele, akapiga honi mpaka hospitali. Walimwekea mtoto oksijeni. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu angekuwa anazungumza nami mengine. Yule mtoto anayesubiri theluji, Stefano.

Tulipotoka hospitali nilikwenda kuchukua gari na funguo zote mbili. Ester akanionyesha pale kebo inapofungwa, nami nikaikaza kwa mkono wangu. Nikavuta fyuzi, nikairudisha. Jumatatu ikafika, taa haikuwaka. Jumatatu nyingine, haikuwaka. Kumbe nne na mbili ilikuwa kebo ya spidi.

Nakubali, mara ya kwanza hukujua. Ulidhani ni petroli kweli. Lakini nilipokuandikia nne na mbili, kitabu kilikuwa mezani kwako. Ukasoma kwamba ni spidi, ukajua ni kebo, ukajua ni nani. Ukaniambia ni baridi ya hewa! Gari lilikuwa linaniambia ukweli kila Jumatatu, na wewe mume wangu ukanifundisha kulifunga mdomo.

Na muda wote huo mimi nakuandikia kilomita nyuma ya bahasha kama mwanafunzi.

Mkeo,
Mama Brenda

*

Tottori, Japani
6 Juni 1999

Mke wangu mpendwa,

Brenda anaendeleaje? Tafadhali nijibu hilo kwanza. Nimesoma barua yako mara nyingi na sijaweza kula vizuri.

Nisamehe. Severini aliniandikia kwamba watoto wanalala bila chakula. Mama naye, kule Kinole, nyumba inavuja na mabati hana. Nikaona wewe utakataa, gari ukiliona kama lako peke yako. Nikamwambia afungue kebo. Ulipoandika zile namba niliogopa, nikadanganya. Ni hivyo tu, sina la kujitetea.

Nakuomba umrudishie gari, hata Jumamosi moja moja. Ana aibu hata ya kupita mtaani kwenu. Nami narudi Septemba, tutakaa tuongee.

Uendelee kuniandikia kilomita kama kawaida, nijue tu kwamba mko salama.

Mumeo anayekupenda,
Baba Brenda

*

Kilakala, Morogoro
27 Juni 1999

Baba Brenda,

Hatujambo. Brenda amepona, amerudi shule, anasema shikamoo. Theluji amesamehe, sasa anataka baiskeli.

Umeandika kwamba ungeniuliza ningekataa. Hukuniuliza. Nyumba ya mama inayovuja nimelala mimi, si wewe, na watoto wa shemeji wanakula kwangu kila shule zikifungwa. Ungeniuliza ningempa gari Jumamosi hiyohiyo, nami ningejua liko wapi mtoto anapobanwa kifua.

Kwa hiyo nimemwita shemeji mwenyewe. Alikuja akakaa kwenye ukingo wa kiti. Sasa Jumamosi tunakwenda Kinole wote, na Brenda na dawa yake. Mimi ndiye dereva. Severini anapakia mafenesi na kuyauza, na mama ameshapata mabati ya upande mmoja. Gari linanuka vibaya sana, na hakuna anayesema ni sabuni.

Taa haijawaka tena.

Kilomita sitakuandikia. Zote zinahesabiwa sasa, za shule, za Kinole na za hospitali. Ukirudi Septemba utakaa kwenye kiti cha abiria uzisome mwenyewe.

Hapa chini nilitaka kuandika "mkeo" kama siku zote. Kalamu imekataa. Iache kwanza.

Mama Brenda