Baba, Mwani Umetubakiza Kasense

Shikamoo, Baba.

Nyundo uliyoisikia jana alasiri isikutie hofu. Ni Damas, mwanao, alikuwa anarudisha mabati ya jiko aliyokwisha kuyang'oa. Hatuhami Kasense.

Ulituacha maharage yakiwa bado mazuri, hujui yaliyofuata. Mvua zilianza kukatika mapema, tukawa tunamwagilia shamba la bondeni kwa maji ya kisima, na siku hizi maji yake yana chumvi. Udongo ukafanya ukoko mweupe, majani yakaungua pembeni, tukavuna maganda matupu. Damas akapata shamba Mpui, akaanza kubomoa. Nyumba inabebeka, Baba, kaburi halibebeki. Mama aliposikia alichukua ufagio akaja kufagia kwako. Mimi nililia jikoni, chini ya paa lililobaki nusu.

Ndipo mdogo wangu Yustina, yule aliyeolewa Tanga, akatuma gunia la mwani mkavu kwa basi. Alisikia huko kwamba unasaidia mimea kuvumilia chumvi. Mama akauliza, "Kitu kilichokulia ndani ya chumvi ndicho kitusaidie na chumvi?" Damas, unamjua, hakungoja maelezo. Wewe ndiye uliyemfundisha kwamba kila jani hufukiwa kwenye intumba, yale matuta yetu ya mviringo, lioze liwe mbolea. Basi akaufukia mwani kama nyasi, nusu gunia, na chumvi yake juu. Maharage tuliyopanda juu yake yakajikongoja, kisha yakanyauka kabisa. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe.

Bibi shamba wa kata alikuja, akatazama, akatikisa kichwa. Akatufundisha kuuosha ule uliobaki, kuuchemsha, kuuchuja, na maji yake kidogo kuyachanganya na maji mengi ya mvua, kisha kunyunyizia majani. "Chumvi haiondoki," alisema, "ila mmea unapata nguvu ya kustahimili." Tukapanda upya kwenye matuta mapya. Nimebeba bomba mgongoni msimu mzima, nanuka pwani ambayo sijawahi kuiona. Na kwa ubishi niliourithi kwako, tuta la mwisho sikulinyunyizia hata tone.

Hilo la mwisho limekuwa njano tupu. Mengine yamezaa, Baba. Si kama enzi zako, lakini yamezaa. Nilipopasua ganda la kwanza nikakuta punje nono, nikakaa palepale kwenye udongo nikicheka peke yangu. Kumbe nilikuwa nimebeba mzigo mzito hivyo na sikujua mpaka ulipotua. Damas alilitazama lile ganda mkononi mwangu, akaenda kutafuta nyundo.

Leo asubuhi nimekuja kwako na Mama. Alisimama upande wako wa kushoto, akachora mstari kwa jembe, akasema hapo ni pake. Halafu akainama kidogo, nadhani ulimsikia mwenyewe: "Lakini usiningoje upesi. Nina maharage ya kuvuna."

Lala salama, Baba. Kisima bado kina chumvi yake, na mimi bado nina bomba langu. Nakuahidi kila msimu tutainua matuta bonde lote, isipokuwa hapo kushoto kwako.

Binti yako,
Skola