Protini Iliyopiga Saluti

Mafubira, Alhamisi, Juni 1997

Wiki tatu nawaeleza askari magereza hawa, wanafunzi wangu wa biolojia, kwamba ndani ya mwani wa kijani, protini yenye shaba hupokezana elektroni na wenzake. Shaba ikikosekana, protini yenye chuma hushika zamu. Wanapiga miayo tu. Na mtihani ni Jumatatu!

Leo tulipanga mstari kupokezana matofali ya maabara mpya. Afande Okiror akamwona mkubwa wake, akatoka mstarini kupiga saluti. Kazi ikakwama, nikafoka.

Afande Akello, bingwa wa miayo, akaruka akajaza pengo.

"Mwalimu, shaba imetoroka! Sasa mimi ni chuma. Leta elektroni!"

Nimecheka hadi nyumbani. Mtihanini wakikwama, nitapita nje ya dirisha na tofali kuwakumbusha.