Bunduki ya Plastiki na Bunduki ya Baba

5 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na goti lile linasemaje? Sisi huku wazima. Mjukuu wako ameota jino la nne na anamuuma kila anayemsogelea.

Nimepata kazi mpya, duka la michezo ya video. Leo nimepanga kabatini bunduki ya mchezo: plastiki tupu, ina mkia wa waya unaochomekwa kwenye mashine. Ukifyatua, anakufa mtu wa kwenye skrini. Nilipobandika bei nilidhani nimezidisha sifuri. Hivi hiyo unayoshinda nayo getini kampuni iliinunua kwa bei gani?

Mwaka wa sita huu tangu nije ughaibuni, Baba. Njoo umwone mtoto. Chumba kipo, kidogo, lakini dirisha linaangalia barabara, na wewe unapenda kutazama watu.

Mwanao, kitindamimba

28 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mimi sijambo, ila goti ndilo limejifanya bosi.

Barua yako nimemsomea mkuu wa zamu. Akafungua daftari la silaha: bunduki yangu ilinunuliwa mtumba, kama shati! Kwa bei ya hiyo ya dukani kwenu ungepata mbili kama yangu na viatu juu. Nikamwambia, basi ghala zima tunalilinda kwa kitu rahisi kuliko mchezo wa watoto. Akasema, "Mzee, usimwambie mwizi."

Kuja nitakuja. Mwakani. Sasa hivi hawana mtu wa kushika geti langu.

Mwambie mtoto babu yake ana masikio makubwa, asije akashtuka.

Baba yako

19 Juni

Baba,

Shikamoo. U mzima kweli? Barua mbili nimeandika, kimya. Simu inaita mpaka inakata.

Hiyo mwakani naijua. Mama naye alikuwa nayo, na amezikwa mimi nikiwa huku.

Mtoto anatembea. Picha yako ya ukutani anaibusu mpaka kioo kinajaa mate. Nikirudi kazini nakaa hapo chini yake, navua viatu polepole, nakusubiri kana kwamba umetoka kidogo tu. Niandikie, hata mstari mmoja.

Mwanao

7 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Mwili mzima, mkono ndio ulikataa kushika kalamu.

Mwezi wa tano, mchana kweupe, mtu mzima na ndevu zake aliingia kwa karani wa ghala, akamwelekezea bunduki. Mimi nilikuwa mlangoni. Nikakoki. Kidole kilishagusa kifyatulio, mwanangu, pumzi nimeibana. Ndipo nikaona waya unaning'inia chini ya mkono wake. Mkia, kama ulivyoandika.

Nikamwambia, "Weka chini hiyo. Najua ni ya mchezo."

Akaiweka. "Mzee," akasema, "asante."

Mkuu wa zamu akaigeuzageuza: "Huyu angeiuza hii tu, akaenda zake nyumbani!" Wakacheka wote. Mimi nilizunguka nyuma ya ghala, nikatapika.

Tangu siku ile nikiishika bunduki nayaona macho yake. Kukuandikia ukweli nilishindwa, na kukudanganya sikuweza. Wiki iliyopita nimeirudisha stoo, nikasaini, nikatoka. Sikujua kwamba geti lile linapitika kirahisi hivyo. Miaka yote nilisema hawana mtu; kesho yake tu wameweka mwingine.

Na mama yako nilimwambia hivyo hivyo, asubiri nipate nafasi tuje wote. Hilo nitakueleza tukiwa tumekaa.

Leo nimepanga foleni ya pasipoti. Karani wa dirishani akauliza, "Kazi yako, mzee?" Nikalitazama koti langu la ulinzi. Waliokuwa nyuma wakaanza kuguna.

"Mlinzi?" akanisaidia.

"Hapana," nikasema. "Andika babu."

Akacheka, lakini ameandika.

Baba yako