Noti Ndani ya Hirizi ya Shangazi

Jumatatu, 4 Machi 1974

Soli, soli, soli. Mvua imeozesha viatu vya Tabora nzima. Mchana muuza asali wa Ipole kaniletea noti ya rupia tano, ya ile benki ya Wajerumani, yenye picha ya simba. Nimempa kandambili za tairi. Kaondoka anacheka, labda kaniona punguani.

Katika noti za zamani ninazokusanya, za simba ninazo tayari. Ninayoitafuta ni ile iliyopigwa chapa humu humu nchini wakati wa vita vya Mjerumani, benki ilipokosa noti kutoka Ulaya. Karatasi hafifu, picha hakuna, nyuma patupu. Sijawahi hata kuigusa.

Jumatano, 6 Machi

Shangazi Tatu kaja kutoka Ipuli. Anahamia kijiji cha ujamaa huko Usoke, kwa mwanawe. Hirizi yake imefumuka, ngozi imekauka kama gome.

"Nishonee kabla sijapanda treni. Na usiifungue."

Ameivaa tangu uchanga. Babu alirudi kutoka kwenye upagazi wa vita na mtoto mgongoni, hirizi shingoni mwa mtoto. Babu hakumtaja mama wa mtoto hadi anazikwa. Baba yangu na shangazi ni wa baba mmoja, mama mbalimbali.

Karatasi inachungulia penye mshono. Si mwandiko wa mkono. Ni chapa. Namba, na herufi za Kijerumani.

Ni yenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Kazi haikufanyika. Nimekata karatasi nyingine, nikaikunja vilevile. Kubadilisha ni rahisi. Nani angejua?

Sikubadilisha. Si uchamungu, ni woga. Na swali linaniwasha: nani hutia hela kwenye hirizi?

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia shangazi kilichomo ni noti ya Wajerumani.

"Umechungulia."

"Ilikuwa wazi, shangazi."

"Na mimi ningepita uchi ungechungulia?"

Kaichukua bila kushonwa. Hakuniaga. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumatano, 13 Machi

Kaniita Ipuli. Nimemkuta na Maalim Juma, anayesomesha watoto Kurani chuoni pale mtaani.

"Usingizi umenikataa," kasema shangazi. "Kama nimevaa hela ya Mdachi maisha yangu yote, nijue."

Kakata uzi mwenyewe.

Noti ya rupia moja. Mbele chapa ya benki. Nyuma, wino uliofifia, herufi za Kiarabu mpaka pembeni. Maalim anasema vitani karatasi ilikuwa adimu, aliyeandika alishika aliyoipata. Kasoma dua. Akafika mwisho: "Mhifadhi Tatu binti Kalunde."

"Binti nani?"

"Kalunde. Kwenye hirizi mtu huandikwa kwa jina la mama yake."

"Rudia."

Karudia. Shangazi akateremka kitini, akakaa chini, mgongo ukutani. Sijapata kumwona akilia. Alikuwa analisema lile jina polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Sikuiomba noti. Bado naitaka. Naandika ukweli.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeishona hirizi kwa ngozi mpya ya mbuzi, nyuzi mbili. Kabla sijafunga kaniwekea noti kiganjani.

"Itazame ushibe."

Nikaitazama. Pembe moja imeliwa na jasho. Saini mbili, moja imeandikwa kwa haraka. Sikushiba, lakini nilifunga.

Jumapili, 31 Machi

Usoke, kumsalimu shangazi. Nyumba nyingine bado hazijaezekwa. Nikamwamkia, kaitika kwa furaha.

Balozi wa nyumba kumi alikuwa anapita kuandikisha wahamiaji. Alipomuuliza jina hakusita.

"Tatu binti Kalunde."

Jirani mmoja, mzee wa Kinyamwezi, akageuka. "Kalunde yupi? Wapo wengi."

"Hata mimi ndilo ninaloliuliza," kasema shangazi. "Karibu ukae. Nitajie wote unaowajua."

Mzee akaketi, akaanza kutaja. Mimi nikamenya viazi.