Macho Uliyoyaficha Bukavu

Papa yangu,

Salamu nakuletea, lakini moyo wangu si mweupe. Nina hasira na wewe, na sitaki kuja makaburini kugombana na maiti mbele ya watu, kwa hiyo naandika. Naandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Jicho la kulia halioni tena katikati: nikimtazama mtu, naona masikio, uso siuoni. La kushoto nalo limeanza kufuata.

Unakikumbuka kibaraza chetu cha Kamembe, cherehani mbili zimetazamana? Wewe ulishona kanzu, mimi yunifomu za shule. Ulipoanza kulikosa tundu la sindano, ulinisogezea bila neno nami nikakutungia uzi. Siku uliyoshona mfuko wa kanzu ya shehe mgongoni, tulicheka mpaka ukafuta machozi. Nilipokuuliza macho yana nini, ulinijibu: "Ni buzee tu, Maman. Usiambiye batu."

Nilipenda unavyoniita Maman, kama vile mimi ndiye mama yako, nikanyamaza. Kila mwezi ulivuka daraja la mpakani kwenda Bukavu, Kongo, eti kufuata vitambaa. Ulirudi na kipande kimoja, nami nikakusifu kwa kujua kuchagua. Kumbe ulifuata daktari, upande ambao hakuna mtu wa Kamembe angekukuta umekaa kwenye benchi.

Mimi kichwa kiliniuma miezi mingi, nikalaumu cherehani. Ukungu ukaja, nikalaumu taa. Daktari alinitia matone, akamulika ndani ya jicho, akanifunga mpira mkononi, akapima, akapima tena. Alisema presha ya damu, hii tunayoiita tansiyo, imebana mishipa ya nyuma ya jicho kwa miaka hadi damu ikavuja. Kilichoharibika hakirudi. Kilichobaki nitakilinda kwa vidonge vya kila siku na chakula kisicho na chumvi nyingi. Akaniuliza nani kwetu aliwahi kuwa na ugonjwa huo. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba hakuna.

Shangazi, dada yako, ndiye aliyeniambia, akichambua maharage, bila hata kuinua kichwa. "Papa yako alikuwa na tansiyo, njo ilikula macho yake. Tulificha juu yenu mabinti, mupate kuolewa."

Niolewe! Nimeolewa, Papa, nimeachika, na macho nayo yamekwenda. Neno moja tu lako na ningepimwa mapema. Wewe uliyekuwa hunikatii kitambaa bila kupima mara mbili. Najua ulinipenda, na ndiyo maana inaniuma zaidi.

Jumapili iliyopita walikuja wageni kutoka Bugarama kumposa mjukuu wako Zaina, binti yangu. Watu wazuri, kijana mtulivu. Walipouliza kwa adabu, kama kawaida ya posa, iwapo nyumba ina ugonjwa, Shangazi alinikanyaga mguu. Nikasema: "Iko tansiyo. Ilikula macho ya papa yangu, sasa inakula yangu. Zaina naye atakuwa anapimisha."

Walimaliza chai yao. Wakasema wanakwenda kufikiri, na mpaka leo hawajaleta neno. Shangazi anasema nimemharibia mtoto maisha. Zaina aliacha kuzungumza nami. Chakula aliniwekea mezani na kuondoka. Usidhani haliniumi hilo. Lakini wakirudi, nitawaambia vilevile.

Leo asubuhi Zaina alitoka bila kuaga. Aliporudi alisimama mlangoni, akasema: "Nimetoka kupimisha, Mama." Nikamwuliza ameambiwaje. Akasema iko juu kidogo, wamempa siku ya kurudi. Nilimtazama kwa jicho hili, nikamtazama kwa lile. Sikuweza kujua kama mwanangu analia, Papa, ikabidi nimguse shavu.

Lilikuwa limelowa.

Dua nitaendelea kukuombea. Msamaha bado sijaupata wa kukupa.

Ni mimi binti yako, uliyeniita Maman.