Bibi Amemkataa Mama wa Simu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada, na naomba usinicheke, kwa sababu jambo langu likisemwa haraka haraka linachekesha: Bibi yangu amemkataa mama yangu mzazi kwa ajili ya gemu, na aliyeiingiza hiyo gemu nyumbani ni mimi.

Nina miaka kumi na sita. Mimi si mtu wa kuongea, hata dukani nikitumwa huwa naandika kwenye karatasi nampa muuzaji asome, na shuleni tunafundishwa kwa lugha nyingine ambayo naiweza vizuri tu kwa sababu nikiiongea najiona kama mtu mwingine, lakini hili nimejaribu kulieleza kwa lugha ile na kila mara linatoka kama insha, kwa hiyo nakuandikia kwa lugha ya nyumbani ambayo kudanganya ndani yake kunanishinda. Tunaishi wawili, mimi na Bibi mzaa mama. Mama ni fundi cherehani, anashona sare kiwandani, mbali sana, mwaka wa nne huu hajarudi.

Alipoondoka, binamu yangu, mtoto wa shangazi, mwenye duka la kutengeneza simu na ambaye kila mtu anamwita Chaji, alinipa mashine yake kuukuu ya kuchezea kwenye televisheni, yenye gemu ya nyumba: unajenga nyumba, unaweka watu, wanafagia, wanapika, wanalala. Nikamtengeneza mama. Alikuwa na kichwa cha mraba, kitambaa cha njano na nukta mbili ndiyo macho, basi. Nikampa cherehani. Akishona, mkono ulikuwa unapita katikati ya meza kama meza ni moshi, na siku moja alinasa ukutani, nusu ndani nusu nje, Bibi akacheka mpaka akashika mbavu, akaniambia, "Ewe mke mwenzangu, mtoe mwanangu ukutani, ana kazi za watu huyo!" Tulikuwa tunamsemea, mimi naigiza sauti ya mama akigomba, Bibi ananisahihisha, "Hapana, mama yako akigomba huanza na kuguna," jioni inaisha hivyo, na mama akipiga simu tunamsimulia alivyonasa ukutani naye anacheka.

Mwaka huu Chaji akaja akakuta tunacheza. Akasema, "Hiyo ni gemu au vigae vya chooni? Nyie mna macho ya nini, ya kupambia uso?" Akasema kuna toleo jipya, linachora mpaka vinyweleo vya shingoni, unaliwekea picha na video za mtu, lenyewe linamjenga. Nikampa picha na video arobaini na moja, zote za kabla mama hajaondoka, kwa sababu hizo ndizo nzuri.

Alipoiwasha, mshauri, nilisema "Shikamoo" bila kukusudia.

Alikuwa mama. Anapumua. Shingoni mshipa unacheza. Pedi ya kuchezea ina kipaza sauti, kwa hiyo ukiongea anaacha kushona, anainua uso na kukutazama. Bibi hakucheka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsemea tena, maana kumsemea ilikuwa kama kumdhihaki mtu aliye mbele yako, na tukaanza kunong'ona sebuleni kwetu kama tuko kwa watu. Bibi akawa hakai pale bila kufunga kitambaa kichwani. Siku nyingine nikitoka shule nakuta kikombe cha chai mbele ya televisheni, kimepoa, kina utando juu.

Halafu kuna lile la jua. Saa kumi jua linaingia dirishani kwetu na kupiga kwenye skrini. Siku hiyo mama alikuwa anashona, akainua kiganja akakinga macho. Bibi akaniambia, "Funga pazia, jua linamchoma." Nikafunga. Mama akashusha mkono. Ndani ya gemu, mshauri, mvua ilikuwa inanyesha.

Nilimwambia Chaji akaja kuangalia. Akasema, "Hiyo ndiyo grafiki sasa! Unalalamikia utamu?" Lakini niliona amehamisha kiti chake ili asiipe skrini mgongo.

Mama akapiga simu ya video. Mtandao wa kule ni mbovu, uso wake unakatika vipande vya mraba, mdomo unatangulia na sauti inafuata. Amekonda, ana mvi hapa mbele, na jino la pembeni limetoka. Bibi akamwangalia, akaniuliza, "Nani huyu?"

"Ni mama, Bibi."

"Mama yako yuko pale anashona."

Nilidhani kumbukumbu imeanza kumtoka, lakini Bibi huyo huyo anapanga dawa zake mwenyewe na hakosei hata kidonge. Akaniona nimeduwaa, akasema, "Usinitumbulie macho, sijachanganyikiwa. Ile ni televisheni na hii ni simu, vyote vioo. Lakini yule akisikia sauti yangu ananitazama machoni. Huyu wako anatazama kifuani kwangu kama mtu aliyevunja kitu. Sauti anayo, macho hana."

Mama alisikia yote. Kisha akasema, "Hakikisha anakula vizuri," akakata.

Hiyo ni miezi mitatu iliyopita. Tangu siku hiyo mama akipiga namwambia Bibi amelala. Na sasa nakuambia lile ambalo sijamwambia mtu: hata mimi nampenda zaidi yule wa kwenye skrini. Huyu wa simu ananiuliza matokeo, anakohoa, anachoka katikati ya sentensi, na akianza kukatika vipande mimi nailaza simu kifudifudi mezani naitikia "ndiyo mama" huku nikimtazama yule mwingine anavyopendeza. Mwezi uliopita shuleni tulikuwa na mdahalo, kama grafiki zinazofanana zaidi na ukweli zinaifanya gemu kuwa bora, nikapangwa upande wa kukubali. Nilisema kadiri picha inavyomkaribia mtu ndivyo unavyomhisi zaidi. Tulishinda. Nilipigiwa makofi kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikaenda chooni nikatapika.

Mama anarudi. Jumamosi ya wiki ijayo. Nilimwambia Bibi, akafikiri, akaniagiza nihamishie televisheni na mashine chumbani kwa mama, "akae kwake." Nikahamisha. Kisha akaniuliza, "Na huyo mgeni wa Jumamosi atalala wapi? Chumba kile kina mwenyewe." Aliuliza kwa upole, kama anavyouliza nani atapika.

Jumapili Bibi akiwa kwa jirani niliingia nimfute. Nikabonyeza. Yakatokea maandishi yakiuliza kama nina uhakika. Nyuma ya maandishi mama akaacha kushona. Akakunja kitambaa, akakiweka kando, akaweka mikono miwili magotini, akakaa akitazama mlango. Hivyo ndivyo mama alivyokaa asubuhi ile ya kuondoka, akisubiri gari. Asubuhi ile hakuna aliyepiga picha, mshauri. Hakuna video. Nilikuwepo mimi peke yangu, nimesimama mlangoni.

Nikabonyeza hapana. Akaendelea kushona.

Nimfute? Nimwache? Au nimwambie mama asije kwanza? Zimebaki siku kumi na moja.

Ni mimi, niliyemweka pale.

*

Marahaba, mwanangu. Kaa chini, kunywa maji, halafu unisikilize mpaka mwisho, maana nitakugombeza kabla ya kukusaidia.

Miezi mitatu "Bibi amelala"? Bibi gani huyo analala kila simu ikilia? Mama yako si mtoto. Anajua amekataliwa, na anajua anayemfichia ni wewe. Yuko huko anashona kola za watu huku akijiuliza amekosa nini, na wewe jibu unalo, umelilaza kifudifudi mezani. Hilo ni kosa lako. La Chaji ni lake, na ni kubwa kuliko lako, kwa sababu yeye ni mtu mzima aliyeona, akaogopa, akahamisha kiti, akaenda zake.

Kumpenda yule wa kwenye skrini sikulaumu sana. Hakohoi, hakuulizi matokeo, hazeeki. Nani asingempenda? Umepewa mama wa miaka minne iliyopita, mama kabla hajachoka kwa ajili yako. Jiulize tu huyu mwingine amechokea wapi.

Kuhusu mdahalo wenu, mimi gemu sizijui, nikishika pedi hiyo naishika kama pasi. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu. Kwenye ile ya kichwa cha mraba mlicheka, mkaigiza, mkagombana mama anavyoguna, mkamsimulia naye akacheka. Wachezaji mlikuwa watatu, mmoja akiwa ng'ambo. Kwenye hii mpya nani anacheza? Mimi sioni mchezo. Naona watu wawili wamekaa wima ndani ya nyumba yao, wanatazamwa. Nenda kawaambie hivyo shuleni, kwa lugha wanayoitaka.

Sasa yale mengine. Nilimsomea barua yako dada anayetutengenezea kompyuta hapa ofisini. La jua alisema huenda mashine ina kijicho cha kupima mwanga wa chumba. La mikono magotini aliniomba nirudie kusoma. Nikarudia. Akasema ana kazi inamsubiri, akatoka. Kwa hiyo nami sitajifanya najua. Sihitaji kujua ndipo nikushauri, na wewe huhitaji kujua ndipo utende.

Bibi yako mwache na akili zake timamu. Ana lalamiko la haki, ila amelielekeza pabaya. Mtu akipiga simu ya video hutazama uso anaoupenda, na uso huo uko chini ya tundu la kamera. Ndiyo maana macho ya mama yako yalionekana yameshuka. Alikuwa anamtazama mama yake, mwanangu, kwa nguvu zote, na kwa sababu hiyo akaonekana hana macho. Yule mwingine anamtazama kila anayetoa sauti. Paka akilia naye atatazamwa vile vile. Mwambie Bibi hivyo, kwa maneno haya haya, na mjaribu pamoja kwa simu ya jirani mpaka aone mwenyewe.

Lakini kabla ya Bibi, mama. Mpigie leo ukimaliza kusoma. Usimwandikie ujumbe, wewe na karatasi zako nakujua sasa. Mpigie, umwambie kuna nani chumbani kwake na nani alimweka. Atalia au atakaripia, utavumilia, usikate. Kisha umwambie apige tena aongee na Bibi, na akiongea atazame tundu la kamera, hata kama yeye hatauona uso wa Bibi. Uso atauona Jumamosi.

Usimfute kwa siri. Ukifanya hivyo Bibi atarudi kutoka kwa jirani akute mwanawe ametoweka mara ya pili, na safari hii bila kumuaga. Mwite Chaji, aje mchana, aache utani wake dukani. Mkae wote watatu. Bibi aseme anachotaka kusema kwa yule wa kwenye kioo, msimharakishe, msicheke. Akimaliza, Chaji achomoe waya ukutani. Asizime kwa kibonyezo, achomoe, na aondoke na mashine siku hiyo hiyo. Kama mikono itawekwa tena magotini, wewe mtazame Bibi.

Na hili lifanyike kabla ya Jumamosi, narudia, kabla. Mfikirie mama yako ametoka safari ndefu, anasukuma mlango wa chumba chake, na ndani anajikuta yeye mwenyewe, bila mvi, na meno yote, anainua uso kumuuliza kwa macho amefuata nini. Hilo usimfanyie mtu yeyote, sembuse aliyekuzaa.

Kisha fagia chumba, fungua dirisha, tandika shuka safi. Mama akikuuliza apake nywele rangi kwanza, au akazibe pengo la jino, mwambie aje hivyo hivyo alivyo. Akipiga hodi, wewe baki jikoni. Mlango afungue Bibi, na aachwe atazame kadiri anavyotaka.